Bei Iko Mkononi mwa Nani? Utalii wa Ubunifu na Wenyeji wa Miteremko ya Meru

Mgeni anayetua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) jioni huwa ameshalipia Serengeti na Ngorongoro kabla hajapanda ndege kwao. Analala Arusha usiku mmoja. Asubuhi gari la kampuni linamfuata hotelini, linapita Kisongo, linashika barabara ya Makuyuni, na siku zote zinazofuata macho yake yako kwa simba na tembo. Akirudi analala tena usiku mmoja, au anapitilizwa uwanja wa ndege kwenda Zanzibar. Jiji lenye makao makuu ya TANAPA na ofisi za kampuni nyingi za safari kuliko jiji lingine lolote nchini linaambulia kitanda, chakula cha jioni, na pengine kinyago kilichonunuliwa haraka barabara ya Fire huku dereva akitazama saa.

Wageni hawajapungua. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa 1,527,230. Korona ikawashusha hadi 620,867 mwaka 2020, na mwaka 2024 wakafika 2,141,895, idadi ambayo nchi haikuwahi kuiona. Ninachotaka kuuliza ni kitu kingine: katika watu hao wote, wangapi walikaa nusu siku na fundi, mkulima, mpishi au msanii wa Arusha, wakashika kazi kwa mikono yao, wakajifunza kitu, wakamlipa yeye? Na pale walipokaa naye, bei aliipanga nani?

Swali hilo la mwisho ndilo naliona zito kuliko yote. Semina za utalii wa jamii zimejaa neno "ushirikishwaji", na karibu kila mradi unadai kuwashirikisha wenyeji. Mimi kipimo changu ni kimoja. Kama mwenyeji hawezi kutaja bei ya kazi yake, na hawezi kumwambia mgeni au kampuni "leo hapana", basi hajashirikishwa. Ametumika.

Dhana ya utalii wa ubunifu ilifafanuliwa mwaka 2000 na watu wawili, Greg Richards na Crispin Raymond. Walikuwa wanazungumzia safari ambayo mgeni anakuza kipaji chake mwenyewe kwa kujifunza jambo ambalo ni la pale alipokwenda: kupika, kufinyanga, kufuma, kupiga ngoma. Utalii wa utamaduni tuliouzoea humkalisha mgeni kwenye benchi atazame. Huu mwingine unamnyanyua. Huenda tofauti ikaonekana ndogo, lakini hesabu za fedha zinageuka kabisa. Anayetazamwa hulipwa kama pambo la ratiba, tena mara nyingi kwa fungu moja la kugawana kundi zima. Anayefundisha ni mwalimu, na mwalimu hulipwa kwa somo. Bangili inaweza kuigwa kiwandani nje ya nchi ikarudi kuuzwa Arusha kwa bei ya kutupa. Asubuhi moja ya kukaa na aliyeibuni haina kiwanda cha kuiiga.

Tuangalie shanga kwa karibu. Mama wa Kimaasai au wa Kiarusha anayetengeneza mkufu mpana wa shingoni anaanza na waya. Shanga ndogo za kioo, ambazo kwa miaka mingi zimekuwa zikitoka Jamhuri ya Czech, zimemwagwa kwenye sahani au kwenye kitambaa mapajani. Anazichota kwa ncha ya waya, tatu nne kwa mpigo, bila kuangalia sana. Kila baada ya hatua fulani anapitisha kipande kilichotobolewa matundu kwa mstari, zamani cha ngozi, siku hizi mara nyingi ni plastiki iliyokatwa kwenye dumu, ili mizunguko ikae sambamba isipandiane. Rangi zina majirani zake. Kuna zinazokaa pamoja na kuna zinazotenganishwa, na mgeni akipanga anavyojisikia, mama anamfumulia kazi na kumrudisha mwanzo bila kumwonea haya. Baada ya saa tatu mgeni ana bangili moja nyembamba iliyopinda upande, na mgongo unamuuma. Mtu huyo hapatani bei tena. Ameshajua kwa mwili wake kwa nini mkufu ule una gharama ile.

Kahawa ina mantiki hiyohiyo. Ukipanda Ilkiding'a au Tengeru msimu wa kuvuna, mgeni anaweza kuchuma punje nyekundu, kuzimenya, kutwanga kwenye kinu zile zilizokaushwa, kupepeta kwenye ungo, kukaanga kwenye chungu mpaka moshi umfanye akohoe, kisha akanywa alichokitengeneza. Mkulima wa Meru aliyezoea kuuza kahawa yake ghafi kwa bei inayopangwa mbali naye hupata kikombe kimoja kwenye mnyororo mzima ambacho bei yake anaweza kuitaja mwenyewe.

Arusha haianzi leo. Mwaka 1995 na 1996 shirika la Uholanzi la SNV na Bodi ya Utalii Tanzania walianzisha Programu ya Utalii wa Utamaduni, wakianzia Longido kwa Wamaasai na kuteremka hadi vijiji vya mlima Meru. Ng'iresi, Ilkiding'a, Mulala, Mkuru, Tengeru, Mto wa Mbu, Engaruka: majina haya yaliingia kwenye vipeperushi na vitabu vya wasafiri, na ofisi ya kuratibu ikakaa mjini kwenye jengo la Boma la Kale. Utaratibu ulikuwa wa wazi, tena kwa wakati wake wa kijasiri. Mgeni alilipa ada ya mwongozaji, chakula, na fungu la maendeleo ya kijiji. Longido fungu hilo lilielekezwa kwenye josho la ng'ombe, Ng'iresi kwenye shule ya msingi. Miaka ya mwanzo ya 2000 SNV ilikabidhi kazi kwa wenyeji na Bodi, na vituo vikaendelea kuongezeka nchi nzima hadi kupita 60.

Nauheshimu sana mpango ule, kwa sababu ulithibitisha jambo ambalo wengi hawakuliamini: mgeni yuko tayari kulipa ili akae kwa mkulima. Lakini miaka karibu 30 baadaye inatuonyesha pia mahali ulipokwama.

Kituo kilichopata wageni wengi kuliko vyote ni Mto wa Mbu, na sababu ya kwanza ni barabara. Mji ule uko njiani kwenda Ngorongoro na Serengeti, jirani na lango la Hifadhi ya Ziwa Manyara. Gari la kampuni linapita hapo litake lisitake, hivyo kuwashusha wageni saa mbili wale ndizi, watazame wachongaji na kutembea mashambani hakuvurugi ratiba ya mtu. Mkuru, upande wa kaskazini wa Meru, walianza na safari za ngamia, jambo la kipekee kabisa katika ukanda huu. Ila Mkuru hakuna anayepita akienda kwingine. Anayekwenda lazima awe ameamua tangu kwao, na uamuzi huo hufanyika ofisini kwa kampuni, wakati mwingine Ulaya au Marekani, na mtu anayeuza safari kwa siku. Siku moja Mkuru ni siku moja iliyopungua Serengeti. Kamisheni ya Serengeti ni kubwa zaidi.

Hapo ndipo bei inapoponyoka. Tuseme, kwa mfano wa kufikirika tu, kampuni inamtoza mgeni dola 50 kwa nusu siku kijijini. Ndani yake kuna gari na mafuta, kuna faida ya kampuni, kuna bahashishi ya dereva anayetarajia shukrani kwa kuleta wageni hapa na si kwa jirani. Kinachofika kijijini kinaweza kuwa 15. Mwongozaji anachukua chake, mratibu chake, kijiji chake, na mama aliyepika kwa kuni tangu alfajiri anapewa kilichobaki. Hakuna aliyeiba. Kila mmoja ana gharama zake na anaweza kuzieleza. Lakini mama ndiye wa mwisho kwenye foleni ya mgawo, na ndiye pekee ambaye mgeni alimfuata.

Tatizo la dereva kuamua boma lipi lipate wageni limelalamikiwa kwa miaka mingi kwenye maboma ya maonyesho yaliyo kando ya barabara ya Ngorongoro na Serengeti. Vijiji vinashindana kumfurahisha dereva, bei inashuka, maonyesho yanafupishwa. Kinachofuata kinajulikana na kila aliyewahi kusimama pale: nyimbo mbili, kuruka mara chache, kuingizwa ndani ya nyumba, kisha meza ya shanga na shinikizo la kununua. Wageni wanaondoka na hisia ya kubanwa, wenyeji wanabaki na hisia ya kudharauliwa. Ukiwauliza pande zote mbili, kila mmoja atakwambia mwenzake ndiye mwenye tamaa.

Mwaka 1969 Mmarekani Sherry Arnstein aliandika juu ya ngazi ya ushiriki wa wananchi yenye vidato vinane. Chini kabisa kuna kuwahadaa watu ili waonekane wameshiriki, katikati kuna kuwapa taarifa na kuwasikiliza, juu kabisa kuna wananchi wenyewe kushika hatamu. Hakuwa anafikiria utalii, ila ngazi yake inaipima Arusha vizuri. Vituo vingi vya hapa vimepanda hadi katikati: wanakijiji wanaambiwa wageni wanakuja, wanaombwa maoni, wanapata ajira za siku. Vichache vimefika juu. Kikundi cha akina mama cha Agape, kijiji cha Mulala, kinastahili kutajwa. Kina mama wa Kimeru walitengeneza jibini kwa maziwa ya ng'ombe wao, na mgeni alipokuja alikuta biashara ambayo ingekuwepo hata bila yeye. Jibini lilikuwa na wanunuzi wengine. Mtu mwenye mnunuzi mwingine anaweza kusema hapana, na anayeweza kusema hapana ndiye anayepanga bei.

Ndiyo maana sikubaliani na ushauri unaotolewa mara kwa mara kwamba kijiji kianzishe "bidhaa ya utalii" kutoka sifuri. Kazi ambayo haina maisha bila mgeni humfanya fundi kuwa mtumwa wa msimu. Ilipofika Aprili 2020 na ndege zikasimama, waliokuwa wameweka maisha yao yote kwenye maonyesho hawakuwa na pa kushika. Mkulima wa kahawa na ndizi aliyekuwa akipokea wageni mara mbili kwa wiki aliumia, lakini ndizi ziliendelea kukomaa.

Lipo suala la wanawake, na linahitaji kusemwa bila kuzunguka. Kazi ya ubunifu katika jamii za Meru, kwa sehemu kubwa, iko mikononi mwa wanawake: shanga, kupika, kukamua, kujenga nyumba ya Kimaasai kwa fito, udongo na samadi. Waongozaji na waratibu, kwa sehemu kubwa, ni wanaume, kwa sababu wao ndio waliosoma Kiingereza na ndio wenye muda wa kushinda mjini wakitafuta wageni. Mwanamke anakuwa somo, mwanaume anakuwa sauti inayolieleza somo hilo. Nimesikia mara nyingi mama akiongea dakika tatu na mwongozaji akitafsiri kwa sentensi moja. Kozi ya lugha kwa wanawake watano wa kikundi ingebadilisha mgawo wa mapato kuliko semina kumi za ujasiriamali.

Na sisi wenyewe tunauza picha gani ya Arusha? Fungua kipeperushi chochote: shuka nyekundu, mkuki, mlima nyuma. Wamaasai wapo na ni jirani zetu, lakini miteremko ya kusini ya Meru ni ya Waarusha, na ya mashariki ni ya Wameru. Hawa ni wakulima wa migomba, kahawa, mahindi na maharage, wafugaji wa ng'ombe wa ndani. Ng'iresi ilipoingia kwenye programu, miongoni mwa mambo iliyowaonyesha wageni ni ng'ombe wa maziwa chotara, mitambo ya biogesi na mashamba yaliyokingwa dhidi ya mmomonyoko. Nadhani ulikuwa uamuzi wa busara kuliko mwingine wowote katika historia ya utalii huu. Mwenyeji alisema: hivi ndivyo tunavyoishi sasa, na tunajivunia. Hakulazimika kuvaa nguo ya babu yake ili alipwe.

Shinikizo la kuvaa Umaasai lina upande wake wa kisheria pia. Kwenye mkusanyo wa mavazi wa msimu wa 2012, wanamitindo wa Louis Vuitton walipanda jukwaani na vitambaa vilivyochotwa kwenye shuka ya Kimaasai, na Wamaasai wamekuwa wakidai sauti juu ya matumizi ya alama zao. Kwetu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, lakini sijakutana na kikundi cha akina mama wa shanga kinachoitumia sehemu hiyo kama silaha ya mapatano. Wengi hawajawahi kusomewa. Wachoraji wa Tingatinga wanalijua jeraha hili vizuri. Mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 sasa unauzwa kila soko la wageni Afrika Mashariki, na Arusha nayo ina chumba baada ya chumba cha vijana wanaonakili twiga walewale. Anayejua kufundisha mkono wa Tingatinga, hatua kwa hatua, rangi ya mafuta juu ya ubao, ana kitu ambacho mnakili hana.

Utajiri ambao hatujaugusa kabisa ni historia yenyewe. Boma la Kale linalotembelewa kama makumbusho ya viumbe asilia lilijengwa na Wajerumani mwaka 1900, kwa nguvu za Waarusha na Wameru waliolazimishwa kubeba mawe baada ya kupigwa vitani. Vita vile vilitokana na kuuawa kwa wamisionari wawili, Ovir na Segebrock, pale Akeri mwaka 1896. Machi 1900 Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi, alinyongwa hukohuko pamoja na viongozi wengine wa Wachaga, Wameru na Waarusha. Old Moshi wenyeji wamelishika simulizi lao: wanawapeleka wageni kwenye mti, wanaeleza kilichotokea na wanaeleza kwa nini bado wanalitafuta fuvu la Mangi wao. Wageni wengi wa Kijerumani wametoka pale wakiwa kimya. Hapa Arusha mgeni anaingia Boma, anatazama wadudu na mabaki ya binadamu wa kale, anatoka.

Kisha kuna kesi ya ardhi ya Wameru. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki na Leguruki ili ardhi iwe ranchi za Wazungu. Nyumba zilichomwa. Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton kutoka Bermuda, aliipeleka kesi Umoja wa Mataifa, na mwaka 1952 alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini. Wameru hawakurudishiwa ardhi kwa hatua ile, lakini Tanganyika nzima ilijifunza namna ya kudai. Leo maelfu ya wageni hupita barabara ya Usa River kwenda Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha iliyoanzishwa 1960, na waongozaji huwaonyesha mahali John Wayne alipoigizia Hatari!, filamu ya 1962. Kuhusu Kirilo hawaambiwi chochote. Wajukuu wa waliofukuzwa wapo kandokando ya barabara ileile. Warsha ya siku moja ya masimulizi, ambapo mgeni anasikiliza, anatembea mipaka ya zamani na kuandika au kuchora alichosikia, haihitaji jengo wala mkopo. Inahitaji wazee waliokubali, na malipo yanayowafikia.

Nikiteremka mjini, mambo yanakuwa magumu kwa namna nyingine. Kata ya Engutoto na mitaa ya Njiro inayopakana nayo haina lango la hifadhi wala soko la vinyago. Kuna nyumba za kupanga, mafundi cherehani, maseremala, saluni, gereji, mama lishe, na vijana wanaorekodi muziki kwenye vyumba vilivyozibwa kwa magodoro. Jirani kuna viwanja vya Nanenane vinavyofurika kila Agosti, kuna vyuo, na kuna chuo cha VETA cha hoteli na utalii pale Njiro kinachofundisha vijana kupika na kuhudumia. Cha kusikitisha ni kwamba kijana anafundishwa kupika kwa ajili ya hoteli ya porini Serengeti, huku mama lishe aliye nje ya geti anayejua loshoro, mtori na makande ya nyumbani haonwi kama mwalimu wa kitu chochote.

Chuga, kama vijana wanavyoiita Arusha, imewahi kuonyesha kuwa ubunifu wake hausubiri kibali cha kipeperushi. X Plastaz waliunganisha hip hop na uimbaji wa Kimaasai wakauzunguka ulimwengu, na albamu yao ya 2004 ikaitwa Maasai Hip Hop. Baada yao wakaja Nako 2 Nako, Watengwa na Weusi. Kule Imbaseni, Pete O'Neal, aliyekuwa kiongozi wa Black Panther huko Kansas City na kufika Tanzania mwaka 1972, alianzisha na mkewe Charlotte kituo cha jamii cha UAACC mwaka 1991, chenye madarasa ya sanaa na studio. Wanafunzi wa vyuo vya Marekani wamekuwa wakija kukaa hapo, wakipiga muziki na kuchora ukutani pamoja na vijana wa kijiji. Hakuna simba, hakuna mkuki. Wageni wanakuja kwa sababu pana mtu wa kufanya naye kazi.

Shanga, karakana iliyoanza mwaka 2007 na sasa iko Arusha Coffee Lodge, ni mfano wa njia nyingine. Watu wenye ulemavu wameajiriwa kuyeyusha chupa zilizotupwa, kufuma na kushona, na wageni wanaruhusiwa kujaribu. Kazi ni nzuri na mshahara ni wa mwezi, jambo ambalo vikundi vingi vya vijijini haviwezi kuahidi. Kazuri ya Nairobi, iliyoanza 1975 kwa akina mama wachache wanaofinyanga shanga za udongo, ilipita njia hiyohiyo. Kwa mtu mwenye ulemavu aliyefungiwa milango yote mjini, mshahara wa uhakika ni bora kuliko umiliki wa karatasi. Nakiri hili linakibana kipimo changu cha bei. Mwajiriwa hapangi bei, lakini anajua kesho atakula nini. Nadhani jibu la haki ni kuwa na njia zote mbili mjini, na aliyejifunza kwenye karakana ya ajira aweze kuondoka na kufungua ya kwake bila kukwama kwenye leseni.

Hapo kwenye leseni ndipo Engutoto inapotofautiana na Ng'iresi kwa jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita. Kijiji, kwa sheria zetu za serikali za mitaa za 1982, ni chombo chenye utu wa kisheria. Halmashauri ya kijiji inaweza kuingia mkataba, kushtaki na kushtakiwa, kupitisha sheria ndogo, kufungua akaunti. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kusomewa mapato na matumizi kila robo mwaka, na mwanakijiji yeyote anaweza kusimama na kuuliza fedha za watalii zimekwenda wapi. Mtaa wa jijini hauna hayo. Mwenyekiti wa mtaa ana muhuri na heshima, lakini mtaa wenyewe hauwezi kudai ada ya maendeleo kwa mgeni aliyekuja kujifunza kushona katambuga za matairi kwa fundi wa uchochoroni. Fedha ikiingia, inaingia kwa mtu binafsi au kwa kampuni. Jamii haina mfuko wa kuipokelea.

Kwa hiyo mjini ushirikishwaji hauwezi kunakiliwa kutoka kijijini. Mlango uliopo ni vikundi. Halmashauri zote zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili kurekebisha utaratibu, na ikarudishwa mwaka uliofuata. Nyingi huishia kwenye bodaboda, kuku na sabuni, biashara ambazo kila kikundi cha jirani nacho kinafanya. Kikundi cha wapishi watano, au cha fundi batiki, mchongaji na mpiga ngoma waliojiunga kufundisha wageni, kingeweza kukopa kwa ajili ya meza, vyombo, choo safi na mafunzo ya lugha. Kinachokizuia ni kwamba Sheria ya Utalii ya 2008 inataka leseni kwa shughuli za utalii, na mama lishe hajui kama anapomfundisha mgeni kusonga ugali amekuwa mpishi, mwalimu au wakala wa utalii. Ofisa akija atamwambia lolote kati ya hayo matatu.

Soko la kuanzia nalo liko karibu kuliko tunavyodhani. Arusha ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Kituo cha mikutano cha AICC kinapokea wajumbe mwaka mzima. Mjumbe wa mkutano kutoka Kampala au Accra ana jioni tatu zisizo na kazi na hana haja ya kuona Serengeti. Familia za Nairobi huvuka Namanga wikiendi. Wakazi wa Njiro na Sakina wenye watoto hawana pa kuwapeleka Jumamosi zaidi ya michezo ya plastiki na vyakula vya kukaanga. Mteja huyu analipa kwa simu, anaongea Kiswahili, hamhitaji dereva wa kampuni kumfikisha, na anarudi mwezi ujao. Bei ikiwa ya kinyonyaji kwa upande wowote, atasema palepale.

Na sasa kuna tarehe. Uwanja wa mpira unajengwa kata ya Olmoti, wa watazamaji wapatao 30,000, kwa ajili ya AFCON ya 2027 ambayo Tanzania inaiandaa pamoja na Kenya na Uganda. Mashabiki wa mpira hawatakuwa wamelipia safari ya siku sita. Watakuwa na siku tupu kati ya mechi na mechi, watatembea mitaani, watakula, watatafuta la kufanya. Madiwani wa Arusha wakiitaka nafasi hiyo kwa ajili ya wapiga kura wao, mambo yanayotakiwa ni machache na yote yako ndani ya uwezo wa jiji: sheria ndogo inayomtambua fundi anayefundisha wageni kama mwenye biashara ndogo ya kawaida, ada moja anayoimudu, sehemu ya ile asilimia 10 kutangazwa wazi kwa vikundi vya namna hii, na ubao pale Boma na pale stendi wenye majina ya vikundi, namba zao za malipo na bei zao, zilizoandikwa na wao wenyewe kwa shilingi. Sheria ndogo hupita kwenye kamati, baraza, kisha wizarani kabla ya kutangazwa kwenye gazeti la serikali. Kikao cha kuanzisha safari hiyo kikichelewa, mashabiki watafika kabla ya tangazo.